Folda Ndani ya Folda ya Baba

Desemba 22

Kompyuta ya Baba imeanza kusaga. Kuvuma ilikuwa ikivuma tangu nilipoolewa humu, hilo tumelizoea. Sasa inasaga, kama mtu anayetafuna mchanga. Mama mkwe anasema ni panya. Ningefurahi kama angekuwa panya, maana panya ana dawa.

Desemba 23

Theluji. Umeme ulikatika saa tatu asubuhi ukarudi saa nane mchana. Baba alikaa mbele ya skrini nyeusi muda wote huo, mikono magotini.

Desemba 25

Childe imeingia leo, siku arobaini za baridi ya kweli, na hapa kwetu Naryn, milimani, haiji kwa kubisha hodi. Ndoo ya maji tuliyoisahau ukumbini imepasuka. Shule imefungwa, sina pa kwenda, basi nimeamua kuandika.

Naanza na jambo ambalo kila mtu wa nyumba hii analijua na hakuna anayelisema. Baba mkwe wangu hucheza kila siku na mwanawe, na mwanawe alikufa miaka miwili iliyopita.

Mchezo wenyewe aliutunga Baba, enzi zile alipokuwa mpima ramani na ofisi yao ikapata kompyuta ya kwanza. Ni vita vya zamu. Unasogeza wapanda farasi wako, unahamisha mifugo, unalinda vipito vya milimani, kisha unamwachia mwenzako zamu yake. Hakuna haraka. Zamu moja unaweza kuiwaza tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, na Baba huiwaza hivyo.

Kilicho chake hasa ni namna alivyopanga mafaili. Mimi nafundisha kompyuta, nimefungua programu nyingi, sijaona mpango kama ule. Kuna folda ya ramani, folda ya majeshi, folda ya zamu zilizohifadhiwa, na folda inayoitwa Kawaida, yenye mambo ya mtu yeyote asiye na kwao. Lakini folda ya Watu ameipanga kama ukoo. Ukiifungua unakuta folda moja tu, yenye jina la babu wa saba wa Ernis, marehemu mume wangu. Ndani yake imo ya mwanawe, ndani ya hiyo imo ya mjukuu, hivyo hivyo mpaka umfikie Baba, na ndani ya folda ya Baba imo ya Ernis mwenyewe. Kila mmoja ana faili dogo la tabia: ujasiri kiasi gani, subira kiasi gani, huruma kwa mifugo ya mwenzake, hasira kwa mpinzani. Mchezo ukikosa kitu kwa mwana humwuliza baba, ukikosa kwa baba hupanda kwa babu. Ukikosa kwa wote saba, huchukua Kawaida, wala hausemi neno.

Ernis alipokuwa hai walicheza jioni, na kila walipomaliza mchezo ulilirekebisha faili lake kidogo, ukijifunza alivyo, ili akiwa safarini umchezee zamu zake. Alipokufa (lori la makaa, barafu, kipito, sitaandika zaidi) Baba alilifunga faili lile lisiandikike tena, mtoto asije akabadilika. Hakulifungua kulisoma. "Kusoma faili la mtu ni kumpekua mifukoni," alisema. Kisha akaendelea kucheza naye.

Na Ernis humpiga. Kila siku. Anaacha kipito cha kushoto wazi, hajali mifugo yake ikitekwa, anakuja mbio kuyachoma mahema ya baba yake. Baba akishindwa huzima mashine, hunawa mikono na kusema, "Haya mwanangu, kesho."

Desemba 28

Kaka yangu Melis kapiga simu kutoka mji mkuu, Bishkek. Kuna shule inataka mwalimu wa kompyuta, watanishikia nafasi mpaka katikati ya Februari.

"Mpaka lini utamwashia jiko mzee wa watu?" kaniuliza. "Miaka miwili! Hata farasi wa kuazima hurudishwa."

Nilicheka, nikamwambia sitoki bila baraka ya Baba. Nimeshaiomba mara mbili. Mara zote mbili alinitazama kwa huruma, akajibu maneno yaleyale: "Ernis bado hajaniruhusu."

Mtu mwingine angedhani mzee kachanganyikiwa. Mimi najua anachosema. Asubuhi ile ya mwisho waligombana, na waligombana kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyetaka tuhamie mjini. Baba akasema mtoto wa mwisho haondoki, nyumba ya baba ni yake, ndivyo ilivyokuwa tangu babu wa saba. Ernis akasema atakayoyasema mtu aliyekasirika. Akaenda chumbani, akatoka, akapanda lori.

Januari 2

Kompyuta imezimika mara nne. Baba ameshindwa mara moja tu, maana hakupata nafasi ya kushindwa zaidi.

Januari 3

Nimeazima kompyuta ya mkononi ya shuleni. Baba aliipima uzito kwa viganja. "Humu ndimo atakamokaa?" aliuliza. Nikasema ndiyo, Baba, atakaa vizuri tu.

Januari 4

Kazi ya saa moja imekula siku nzima.

Ramani zilihama salama, maana ni namba tupu. Lakini majina ya folda yaliandikwa kwa herufi za enzi zile, na mashine ya shule haizielewi. Nilipofungua Watu nilikuta folda nane, moja ndani ya nyingine, na kila jina limegeuka mstari wa alama za kuuliza. Ukoo mzima, alama za kuuliza.

Dawa ni moja, kuyaandika upya kwa mkono. Majina yenyewe yako ukutani juu ya jiko, kwenye mti wa ukoo aliouchora Baba kwa wino wake wa ramani. Nikaweka vidole kwenye vitufe. Mama alikuwa nyuma yangu akikanda unga.

"Unaandika nini?"

"Majina, Mama. Ya folda."

"Majina ya nani?"

Nikaelekeza kidole ukutani.

"We Zuura! Mimi nina miaka arobaini na mitatu ndani ya nyumba hii. Baba mkwe wangu nilimwita Mwenye Farasi wa Kijivu mpaka tukamzika. Jina lake halijapita kwenye ulimi huu hata nilipokuwa na homa ya kuweweseka. Na hawa walio juu yake ndiyo kabisa."

"Kuandika si kutamka, Mama."

"Kwani vidole havina adabu?"

Nilimtazama Baba anisaidie. Alikuwa amelala upande wa ukutani, na najua alikuwa macho, maana sikio lake lilikuwa jekundu. Hili ni jambo la wanawake, hakutaka kuliingilia.

Basi niliyaandika kama wakaza mwana wote wa nyumba hii walivyoyasema: Mzee wa Mtoni, Mwenye Ndevu, Aliyehama, Mwenye Farasi wa Kijivu na wenzao. Wa mwisho nilimwandika Baba tu. Ndani yake nikaandika Ernis, maana yeye mwenyewe alinikataza kumwita kwa jina jingine. Nina wasiwasi kidogo. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kuwa mashine haijui heshima, inataka jina lilelile uliloipa mwanzo. Lakini nilipouwasha mchezo ulifunguka bila kulalamika. Milima ikatokea, jina la Ernis likasimama kushoto mahali pake. Nikasema basi, umekubali.

Januari 5

Baba kashinda.

Januari 6

Kashinda tena. Mama kakaanga boorsok, maandazi yetu, kama kuna sikukuu.

Januari 9

Nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri. Betri ya gari la jirani imekufa. Baba kashinda, na hakufurahi. Alikaa akiitazama skrini, akasema, "Leo amekilinda kipito cha kushoto." Nikasema labda anajifunza. "Hawezi kujifunza, nililifunga faili," akasema. Nikaenda kuchota makaa.

Naandika hapa nisijidanganye baadaye: leo nimehisi kitu, na sikukifuatilia. Baridi ni kali na mimi nimechoka.

Januari 12

Baba hakula. Mama anamtukana kwa mapenzi, "We mzee, umeshinda vita unafunga saumu?" Hakucheka.

Jioni aliniita nikae kando yake. Walikuwa wamefika zamu ya ishirini na mifugo ya Baba ilikuwa bondeni bila mlinzi, makusudi, naona alimtegea.

"Tazama," akasema. Akamwachia Ernis zamu. Wapanda farasi wa Ernis walifika ukingoni mwa bonde, wakasimama, wakarudi kwenye kipito chao.

"Umeona? Kaniona niko uchi, kageuka."

Alijifunika mdomo kwa mikono yake miwili. Mimi nilidhani anakohoa. Alikuwa analia.

Januari 13

Kala bakuli mbili za jarma, uji wa shayiri.

Januari 14

Kalala mpaka saa mbili asubuhi. Mama alinijia jikoni akininong'oneza, "Miaka miwili huyu anaamka saa tisa usiku kukaa kitandani. Leo nimemtikisa nikidhani kafa."

Januari 17

Umeme kwa saa tatu tu. Baba alizitumia zote, akicheka peke yake. Anamsemesha. "Njoo basi, njoo, mbona unaona haya?"

Januari 20

Nitaandika polepole, nisiache neno.

Baada ya chai Baba aliniambia nikae. Mama alikuwepo. Akasema, "Zuura mwanangu, wiki mbili nzima Ernis ananichezea kama mtu mwenye moyo mweupe. Hachomi tena mahema yangu. Mimi nilijua alitoka hapa ana kinyongo na mimi, nikasema sitamwachia mkewe aende wakati mwenyewe alikufa kwa kukatazwa kwenda. Nilimwomba msamaha kila siku kwa zamu zangu. Sasa amenipa." Akavuta pumzi. "Childe ikiisha, mwite kaka yako. Nitakuombea mbele ya watu."

Mama aligeukia jiko. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

Nimepata nilichokitaka. Ndivyo furaha ilivyo? Nimekaa nikiitafuta siku nzima.

Januari 21

Melis kasema atakuja Februari 4 ikiwa kipito kitakuwa wazi.

Januari 23

Laiti ningeondoka bila kugusa chochote.

Nilitaka kuuchukua mchezo kwenye flashi, niwe na Ernis huko mjini. Baba alikuwa msikitini, Mama kwa jirani. Nikafungua Watu. Nilitarajia folda moja, ile ya babu wa saba. Zilikuwa mbili. Kando ya Mzee wa Mtoni ilikuwepo folda mpya, tarehe yake Januari 5, jina lake Ernis.

Nilijua hapo hapo, kama mtu anavyojua ameacha mlango wazi. Mchezo ulimtafuta Ernis mwana wa baba yake, kwa majina aliyoyaandika Baba. Hawakuwepo. Ulikuta Mwenye Ndevu na Aliyehama, watu usiowajua. Ukachukua tabia za Kawaida, na mechi ilipokwisha ukaunda Ernis mwingine pale nje, asiye na baba wala babu, na tangu hapo unamrekebisha kila siku kwa upole wa Baba mwenyewe, maana zamu zake tu ndizo za kujifunzia. Huyo ndiye aliyesamehe. Ni mtu yeyote. Hajawahi kukasirika kwa sababu hajawahi kuishi.

Ernis wangu yuko ndani, safu ya nane, amefungwa na hajaguswa. Nilishuka mpaka kwake, nami nikampekua mifukoni.

Ujasiri nane. Subira moja, hapo nikacheka kwa sauti, nikajiziba mdomo. Huruma kwa mifugo mbili. Hasira kwa mpinzani tisa.

Tisa ndiyo mwisho. Na mchezo haupandishi zaidi ya moja kwa mechi. Baba aliupanga uhifadhi nakala moja ya faili lililotangulia, nikaifungua nayo. Ni ya jioni ya kuamkia siku ile. Kila kitu ni kilekile ila hasira, tatu. Faili la mwisho lilihifadhiwa asubuhi yake, saa mbili na dakika arobaini. Lori liliondoka saa tatu.

Kumbe ndicho alichokifuata chumbani. Mimi nilidhani alifuata glavu. Alikaa kwenye kompyuta ya baba yake, akafungua faili lake, akafuta tatu akaandika tisa kwa mkono wake, ili jioni mzee akicheza akione cha moto. Utoto tu. Angerudi angeirudisha. Walikuwa wakigombana hivyo tangu ana miaka kumi na miwili, na kesho yake wanakula sahani moja.

Lakini hakurudi, na Baba akalifunga.

Januari 24

Nimemwambia Mama. Nilishindwa kubeba peke yangu. Tulikuwa tunachambua mchele, nikamweleza yote, na majina niliyoyaandika, na tisa.

Hakuonekana kushtuka. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha.

"Ukiyaandika yale majina sawasawa, atarudi yule wa zamani?"

"Atarudi, Mama."

"Na wewe utakwenda?"

"Baba ataniruhusu vipi?"

"Basi funika kombe mwanaharamu apite."

"Lakini yule si Ernis, Mama. Ni mtu baki."

Hapo alinikasirikia. "Mimi ndiye niliyemzaa! Unadhani simtaki? Namtaka na hasira zake, namtaka anipigie kelele kwa ajili ya soksi. Lakini huyu mzee analala, Zuura. Analala kama mtoto. Kamwamshe wewe, kama una roho hiyo."

Sina roho hiyo. Na sijui kama ni huruma au ni Bishkek.

Januari 26

Baba kashinda.

Januari 27

Kashinda. Mara mbili nimekaa mbele ya folda ile Baba akiwa nje. Ni kuandika majina saba tu. Ningemaliza kabla birika halijachemka.

Januari 30

Upepo. Hakuna umeme kabisa. Nilifunga nguo zangu, zikaingia kwenye begi moja. Mama kaongeza zulia la manyoya nililoletewa siku ya harusi, nikalitoa, kalirudisha.

Februari 4

Childe imekwisha. Melis alifika saa sita na barafu kwenye kope. Majirani walikuja, tulikula, kila mtu alinisifu kama marehemu.

Kabla ya dua Baba aliniita chumbani peke yangu. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yake, mahema yake yote mazima.

"Wewe ndiye uliyehamisha mafaili," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Mimi sijawahi kulifungua la kwake. Niliogopa. Nikawa najiambia, labda alikuwa hivyo siku zote, mkali, na mimi ni mzee sikumbuki. Au labda alijifanya mkali kwa ajili yangu, siku ile." Alikuwa ananitazama kifuani, si usoni, kama watu wa kwetu wanavyomtazama mke wa mwana wao. "Wewe ni mtaalamu, mafaili yamepita mikononi mwako. Umeona nini humo?"

Nilikuwa nimelijibu swali hili kimoyomoyo mara mia jikoni, na kila mara kwa jibu tofauti. Nilimsikia Melis nje akipasha moto gari.

"Hasira yake ilikuwa tatu, Baba," nikasema. "Tatu kati ya tisa."

Si uongo. Iliwahi kuwa tatu.

Aliinamisha kichwa taratibu, mara kadhaa. "Tatu," akasema. "Tatu ni ya kawaida kwa mtoto." Kisha tukatoka, akainua viganja mbele ya watu wote, akaniombea njia nyeupe na nyumba yenye watoto, na wote wakapitisha mikono usoni. Mimi nilipitisha yangu polepole, ili nipate kuificha sura yangu kwa muda.

Februari 16

Bishkek. Chumba kina joto mno. Wanafunzi ni watundu, wananiita Mwalimu Theluji. Flashi iko kwenye droo, sijaifungua.

Leo Baba kapiga simu. Sauti yake imenenepa. Kauliza kama nakula, kauliza kuhusu shule, kisha akashindwa kujizuia.

"Jana alinirudishia mifugo, Zuura! Aliiteka akairudisha. Umewahi kuona?"

"Sijawahi, Baba."

"Ndivyo alivyokuwa, yule. Watu hawakumjua tu. Mpole! Wewe mwenyewe unakumbuka."

"Nakumbuka, Baba."

Nilipokata simu nilikaa sakafuni nikamlilia Ernis kuliko siku tuliyomzika. Siku ile kijiji kizima kilikuwa kinamjua. Sasa baba yake anamjua mwingine, mama yake amekubali kunyamaza, na aliyebaki anayemkumbuka na ukali wake wote ni mimi, ambaye nilimfungia nje ya kwao ili nipate kuondoka.